Kiti Kilichorudishwa Hospitali

Baba Askofu, mgeni wetu wa heshima, Baba Mchungaji, ambaye leo tunakuaga unapostaafu, Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, wanakwaya, na ninyi mliokosa nafasi mkasimama madirishani: nawasalimu nyote katika jina la Bwana.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi, nitabasamu, kisha nikabidhi zawadi. Zawadi yenyewe mnaiona: kiti cha kupumzikia chenye matakia mekundu. Kamati ilinichagua mimi kwa sababu mabenchi mliyokalia yametengenezwa na mume wangu, fundi seremala, yule mliyembandika jina la Pima Tena kwa jinsi alivyowachosha wanafunzi wake karakanani. Wakaona mke wa fundi ndiye anayefaa kukabidhi kiti. Naipongeza kamati kwa kumbukumbu nzuri. Mabenchi mnayakumbuka; je, aliyeyatengeneza?

Baba Mchungaji, kiharusi kilipomwangusha, randa ikiwa bado mkononi, ulikuja mbio. Hilo sitalikana. Ulikaa nasi hospitali, ukalia kama ndugu wa damu. Kisha ikaja Jumapili ya Shukrani. Tulimleta hapa kwenye kiti cha magurudumu tulichoazimwa na hospitali, mkamwekea mikono, mkaomba, mkono wake wa kulia ukatikisika kidogo, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Ukatangaza kwamba amepona. Kesho yake vijana wa kwaya wakakisukuma kile kiti, kitupu, njia nzima wakiimba, wakakirudisha hospitali kiwe ushuhuda. Muuguzi akakipokea, akampa mgonjwa mwingine.

Ndugu zangu, mtu hajasimama mwenyewe hata kidogo, mnakirudisha vipi kiti chake? Wifi yangu, ambaye mnajua mdomo wake hauna breki, alikuja jioni akatukuta tumekaa sakafuni, maana nilishindwa kumpandisha kitandani peke yangu. Akasema, “Kaka, imani wamekuachia, kiti wameondoka nacho.” Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma.

Kosa hilo ningelisamehe, maana furaha humpofusha mtu. Lililonichoma ni lile lililofuata. Mliacha kuja. Nilimkuta mzee wetu mmoja wa kanisa sokoni, nikamwuliza mbona kimya, akaniinamia sikioni kana kwamba ananipa siri: “Mama, tukija kumwona mgonjwa, si tutakuwa tumesema Mungu hakumponya?” Yaani ili Mungu asiaibike, mume wangu ilibidi asionekane. Nikabaki mimi na wifi tunamgeuza, tunamwosha, tunambadilisha shuka, huku ng'ambo ya barabara nawasikia mkifanya mazoezi ya nyimbo za uaminifu wa Mungu. Nilikuwa nafunga dirisha. Na maswali niliyomwuliza Mungu dirisha likiwa limefungwa siwezi kuyarudia mbele ya Baba Askofu.

Je, Mungu ni mwaminifu? Mmenisimamisha hapa niseme ndiyo, nami nitasema ndiyo, ila ndiyo yangu ni chungu kama shubiri. Kiharusi kilimfunga mume wangu ulimi. Maji hawezi kuyaomba. Jina langu linamkwama kooni. Lakini asubuhi moja, nikimfuta uso huku nimenuna, nimeacha kuomba muda mrefu, akaanza Baba Yetu, akaisema yote mpaka amina bila kukwama. Daktari ana maelezo yake, nami nayaheshimu. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa nimenyamaza, ninyi mmenyamaza, na Mungu akaingia nyumbani kwangu kwa mdomo uliopinda. Hajamwinua kitandani, wala kiti hakijarudi. Lakini hajatuacha, na huo ndio ushuhuda pekee ninaoweza kuutoa bila kuwadanganya.

Tangu hapo tunaisali pamoja kila asubuhi. Tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nanyamaza. Yeye haruki. Ananikazia macho, anarudia palepale, akiona bado nimefumba mdomo anarudia tena, vilevile alivyokuwa akiwarudisha wanafunzi wake kwenye ubao waliokata vibaya. Bado sijaweza kupasema.

Sasa, Baba Mchungaji, pokea kiti chako. Umetumika, umezeeka kazini, pumzika. Sina kinyongo na matakia. Ila gari litakalokibeba litapita mbele ya mlango wetu, na mlango nimeuacha wazi makusudi. Simama. Hatuna kiti cha maana, utakaa ukingoni mwa kitanda. Nakusihi, usitangaze lolote. Acha aanze yeye, nawe umfuatishe polepole, na mkifika pale ninaponyamaza mnisubiri, maana nataka kujaribu kupasema nikikutazama usoni. Ukipita moja kwa moja, kesho asubuhi atanikazia macho tena, na sijui nitamjibu nini.

Mwenyekiti wa kamati ameshaangalia saa mara kadhaa, namwona. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka hapa bila kuninyang'anya kipaza sauti. Baba, kiti chako hiki. Mume wangu anakusubiri.