Mimi Simo, Ila

Treni ilipoondoka, mama mwenye mkoba mwekundu aliyeketi mbele yangu alimwonyesha simu fundi cherehani aliyekuwa kando yake. Ufundi niliujua kwa ile futi iliyoning'inia shingoni. Kwamba ni mawifi nilijua kwa tabasamu zao, ambazo hazikufika machoni.

"Wifi, hii blogu yako ya ushonaji nani anakuandikia?" Fundi akasema anaandika mwenyewe. "Mwenyewe? Mwaka jana uliandika, 'mshono wa kwapa uzingatiwe ipasavyo,' nikasinzia. Leo unasema, 'Mimi simo, ila hilo gauni limekubana mpaka linaomba msamaha.' Kwenye familia hii, nani husema 'mimi simo'?"

Fundi akaanza kukunja futi taratibu. "Wasomaji walinikimbia, wifi. Nikaambiwa niandike kama ninavyoongea. Kumbe hata nikiongea watu wanasinzia. Basi nikawa nafikiria wewe ungesemaje."

"Umenirekodi."

"Sijakurekodi. Nimekuzoea."

Mwenye mkoba aliikodolea macho simu ya fundi, iliyolala kifudifudi mapajani, kama mtu anayemchunga paka karibu na samaki. Mimi nilijifanya nasoma tangazo la dirishani.

Treni ikasimama. Akainuka na mkoba wake. "Mimi simo," akasema, "ila nikijikuta tena humo, kaka yako atalisikia."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Fundi hakuigusa simu. Midomo yake tu ndiyo ilikuwa ikicheza, kama mtu anayekariri.