Mwenzie Jiwe la Joachim

"Mama, mwanao kang'oa jiwe langu halafu anasingizia mafuriko ya elinino!" Ndivyo Nickolaus alivyomwambia Bibi Aurelia, akapanda baiskeli kwenda zake Idete, akaapa hakanyagi tena shambani Lumemo mpaka jiwe lake la mpaka lionekane. Wiki ya tatu hiyo, na mvua za kupanda mpunga ndizo hizi. Bibi akaileta kesi pale anapouzia vitumbua, kwenye benchi la kahawa, Kibaoni. Yupo Faustino fundi baiskeli, anayeitwa Injinia. Yupo Yoramu, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Na Joachim mwenyewe, mdogo wake Nickolaus, kajikunyata pembeni na jembe lake kama mshtakiwa.

— Nilipima mimi, Injinia akasema. Marehemu Mzee Dionisi, mume wa Bibi hapa, aliweka jiwe la katikati, akawagawia wanawe sawasawa. Kutoka hapo, jiwe la Joachim liko hatua arobaini macheo, kumi na tano upande wa mto. Basi la Nickolaus ni arobaini machweo, kumi na tano upande wa mto. Tumechimba. Kambale tu!

— Mamba kalimeza, Redio akadakia. Mamba humeza mawe apate kuzama. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Kibaba si ndilo tumbo la mamba! Au shamba zima limegeuka. Maji yale bwana! Mimi niliamka kitanda kinatazama jikoni.

— Ulikuwa umelewa wewe.

Benchi likacheka. Bibi hakucheka. Watoto wawili, titi moja, leo hata salamu hakuna.

Mwalimu Jenifer, anayefundisha hesabu, akatua kikombe.

— Injinia, umegeuza hesabu moja, nyingine umeiacha. Hebu lete spoki.

Akachovya kidole kwenye mashapo ya kahawa, akachora msalaba juu ya benchi: huku macheo, huku machweo, huku mto, huku barabara. Akalaza spoki, akaibana katikati kwa kidole.

— Ncha hii Joachim, ile Nickolaus. Nazungusha nusu: huyu kakaa pa huyu. Ukitoka kwa Joachim, pita katikati, usikate kona, endelea mwendo uleule. Arobaini machweo, ndiyo. Lakini kumi na tano ni upande wa barabara, siyo mtoni!

Bibi akakumbuka. Siku ile ya kugawa, Mzee alitoka jiwe la Joachim, akapita katikati, akanyoosha bila kugeuza shingo, anahesabu kwa sauti. Yeye akadhani ni ubishi wake tu.

— Na chini ya kila jiwe alifukia mkaa, Bibi akasema. Mkaa hauozi.

Joachim hakungoja. Kaparamia baiskeli na jembe. Birika la pili likielekea kwisha, huyo karudi, tope mpaka magotini. Akafumbua kiganja.

Mkaa.

— Jiwe lipo, mama. Mkono mzima chini ya tope.

Hata Redio alizimika. Bibi akaushika ule mkaa kwa mikono miwili. Mtu kafa miaka sita, leo anaulizwa na anajibu!

Pembeni alikuwa kasimama Sayi, mfugaji wa Kisukuma, fimbo begani.

— Shikamoo bibi. Naomba kuuliza. Kila jiwe lina mwenzie ng'ambo. Sasa hilo la katikati, mwenzie yuko wapi?

Injinia akazungusha spoki. Ncha zikabadilishana, katikati palepale. Akazungusha tena. Mwalimu akamtazama Bibi. Muuza kahawa akainamisha birika: tupu.

— Marahaba, mwanangu, Bibi akasema. Ng'ombe wako wanaelekea wapi?

— Idete, bibi.

— Basi mtafute Nickolaus. Mwambie jiwe lake limeonekana, na aliyelichimbua ni mdogo wake. Mwambie, mama yako kasema kutoka kwake mpaka kwa Joachim, na kutoka kwake mpaka kwako, hatua ni zilezile. Kama anabisha, aje azihesabu kwa miguu yake. Mfikishie, mwanangu.