Yusto Polikarp na Pete ya Mkewe

Marehemu Yusto alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 karibu na Matai, mtoto wa pili wa Mzee Polikarp, mfua majembe. Babu yake aliyeyusha chuma katika tanuru refu la udongo, kama walivyofanya Wafipa kabla hatujajifanya wajanja. Leo matanuru hayo yamebomolewa, udongo wake umefyatuliwa matofali, na majembe yanashushwa kwenye malori kutoka mpakani Kasesya.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba. Mwaka 1967 akaketi kwenye mivukuto ya baba yake, na baadaye akafungua karakana Sumbawanga, akitengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Kwa baba yake alijifunza kwamba kitu cha kweli hupimwa kwa moto, kisha kwa maji.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Salome. Baba mkwe wake, Mzee Basil, aliyekuwa amechimba madini Simanjiro, alimpa binti yake pete ya fedha yenye jiwe la thamani, garneti ya kijani, mbichi kama ulezi uliotoka kunyeshewa. Salome aliivaa hata shambani.

Mwaka uliofuata, kwenye pombe ya ulezi, rafiki yake Adolfu alimcheka mbele za watu: "Yusto, mkweo kakudanganya! Hicho si kipande cha chupa ya bia?" Kicheko kile kilimkaa rohoni. Kesho yake Salome alipokwenda kuoga aliiacha pete mezani. Yusto akaling'oa jiwe, akalishika kwa koleo, akalitia kwenye mkaa, akavukuta, kisha akalitumbukiza majini. Lilipasuka ufa katikati.

Alilipeleka kwa sonara mjini. Sonara alilitazama, akatikisa kichwa.

"Ni garneti ya kweli, ndugu. Nani kaichoma?"

"Nilikuwa naipima."

"Hata chupa ingepasuka. Moto wako haukukuambia kitu."

Alilirudisha jiwe kwenye pete na kumpa masharti: lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini, lisikaribie jiko, pete ivuliwe wakati wa kulima, ifungwe peke yake kwenye kitambaa, maana mawe magumu zaidi hulikwaruza jiwe lake.

Nyumbani Yusto alisema pete ilianguka. Salome aliliona koleo, akaliona na jivu. Akaifunga pete kitambaani, akaitia kwenye mkebe, asiivae tena. Kila Jumamosi Kuu Yusto aliitoa na kuiosha taratibu, kama mtu anayemwogesha kichanga. Salome alimsemesha kutoka jikoni: "Unaliosha jiwe, Baba Edith. Baba yangu utamwomba radhi lini?" Yusto aliifuta pete, akairudisha mkebeni. Mzee Basil alifariki mwaka 1991. Yusto alibeba jeneza lake, na neno lile la radhi akarudi nalo nyumbani.

Moshi wa karakana ulimharibia mapafu. Tangu 2022 alikuwa akitibiwa hospitali ya hapa mjini. Mwezi uliopita, akiwa kitandani kwake, alisema kwa shida: "Mama Edith, nilimdhania baba yako mwongo. Mwongo nilikuwa mimi." Salome aliitoa pete kwenye mkebe. Alipasha maji kidogo, akayajaribu kwa kiwiko, akaiosha pete kwa mswaki wa mumewe. Kidole alichoivalia zamani kilikuwa kimevimba kwa jembe, akaivaa kidole cha mwisho. Yusto aliushika mkono ule mpaka usingizi ukamchukua. Alifariki alfajiri ya Jumanne iliyopita.

Ameacha mjane, Salome, watoto Edith, Stanley na Christopha, wajukuu tisa, na kaka yake, Felisian. Mtakapompa mjane mkono wa pole, msiubane sana. Jiwe lile lina ufa.

Ndugu yetu apumzike kwa amani. Na huko aendako akimkuta Mzee Basil, asisubiri kuulizwa. Aanze yeye: shikamoo, baba.