Bi Risiti Alianza Kazi Tarehe Tatu Februari

Poleni wafiwa, poleni majirani, na poleni nanyi wafanyakazi wenzetu wa dobi mliozima mashine leo mkaja kutushika mkono. Mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake, sijui kama wamenipa heshima au wamenipa adhabu, maana shemeji yangu alipoulizwa nani asome alijibu tu kwamba asome huyo mdogo wake, yeye ndiye mwenye ya kusema. Ni kweli ninayo, nitayasema yote, na nikikwama naomba mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa Jumatano ya tarehe 14 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya duka la baba la dobi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili, na wa pili ndiye huyu mnayemwona hapa ameshika karatasi. Mama alikuwa akisema siku ile pasi zote zilizimwa kwa saa tatu nzima, na wateja wakalalamika, na baba akawajibu kwamba walalamike kwa mtoto.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 akamaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, akawa wa kwanza katika hesabu miaka yote minne, nami niliyepita madarasa yaleyale nyuma yake niliulizwa na kila mwalimu kama kweli tumetoka tumbo moja. Mwaka 1976 alisomea upigaji chapa na utunzaji wa hesabu, akapata cheti, na tarehe 1 Machi 1977 akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo, ambako alikaa miaka minane na miezi kumi na moja. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na karatasi yake ya mshahara, akaiweka mezani, akamsomea mama mstari kwa mstari, hii imekatwa kodi, hii imekwenda kwenye pensheni, na hii iliyobaki ndiyo ya kwetu. Mama hakujua kusoma, lakini ile karatasi aliijua vizuri kuliko mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 karani wa dobi aliondoka bila kuaga, baba akamwomba binti yake aache kazi ya mizigo aje nyumbani amsaidie kidogo, mpaka apatikane mtu. Basi Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1986, saa moja na nusu asubuhi, dada aliketi kwenye meza ya kupokelea nguo, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe na kutia sahihi yake, na huyo mtu aliyekuwa anatafutwa hajapatikana mpaka leo. Akiba yake ya pensheni kutoka kwenye kampuni ya mizigo aliichukua yote, na hiyo ndiyo iliyonunua mashine yetu ya pili ya kufulia, jambo ambalo wengi wenu hamkulijua, kwa sababu kwetu hatukuwa tukilisema.

Mezani hapo ndipo alipopata jina ambalo mtaa mzima umemwita hadi alipofariki, Bi Risiti, kwa kuwa hakuna nguo iliyotoka dukani bila risiti yake, iwe koti la hakimu au shuka la jirani, na mimi mwenyewe asubuhi ya harusi yangu nilirudishwa nyumbani kutafuta risiti ya suti yangu, huku bibi harusi akisubiri. Nilimwambia, dada, ni mimi. Akaniambia, nakuona, risiti iko wapi?

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kuzibua mtaro wa dobi akazibua siku tano kazi ya siku moja, ndiye shemeji yetu aliyeketi pale mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1989, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1993, ambaye ni fundi umeme. Katika kila uzazi alipumzika wiki sita, akarudi mezani na mtoto ndani ya kikapu cha nguo safi.

Baba alifariki Novemba 1998, dobi ikawa yangu kwa maandishi, na ya dada kwa kazi. Tulikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja, mafundi pasi, wafuaji, dereva na mlinzi, na dada ndiye aliyewasajili wote kwenye ofisi ya kodi na kwenye mfuko wa pensheni, akawatafutia namba, akawafuatilia vyeti vya kuzaliwa, na mlinzi wetu ambaye hakuwahi kuwa na karatasi yoyote yenye jina lake alishikwa mkono akapelekwa dirisha kwa dirisha mpaka akapata. Orodha ya mishahara aliiandaa yeye, makato aliyapeleka yeye, kabla ya tarehe inayotakiwa, na katika orodha ile ya watu kumi na mmoja yeye mwenyewe hakuwemo. Mimi nilimwambia, dada, wewe fungua droo uchukue unachohitaji, na niliposema hivyo nilijiona mtu mkarimu kwelikweli.

Mwaka 2001 aliniomba nimwandikishe kama wengine, nikacheka, nikamuuliza ni nani anayeajiriwa nyumbani kwao. Mwaka 2005 aliniomba tena, nikasema tutaangalia. Ukweli ni kwamba sikutaka kulipia makato ya mtu mmoja zaidi, na undugu ulikuwa kisingizio kizuri, kinachonukia sabuni, na hakuna aliyeweza kukipinga.

Tarehe 16 Juni 2009 alikuja mkaguzi wa kodi, mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi, akapitia vitabu akavisifu, kisha akahesabu vichwa mle dukani akapata kumi na wawili, akamgeukia dada na kumuuliza, na wewe mama, mbona humo? Kabla dada hajafungua mdomo nilijibu mimi, nikasema huyu ni dada yangu tu, ananisaidia. Mkaguzi akafunga mkoba wake akaondoka, nami nikashusha pumzi. Dada alimaliza siku, akafunga daftari, akaniaga vizuri, na kesho yake hakuja.

Hakuja siku iliyofuata wala nyingine, akakaa nyumbani siku tisa, na siku ya mishahara ikafika nikaiandaa orodha mwenyewe kwa jeuri, nikamlipa mlinzi mshahara wa dereva, nikamkata mama mmoja fundi pasi kodi kubwa kuliko mshahara wake, na yule mama alikuja ofisini na karatasi ile akaniuliza kwa adabu kabisa, bosi, kwa hiyo mwezi huu mimi ndiye ninayekulipa wewe? Jioni ile nilikwenda kwa dada. Hakunigombeza, aliniwekea fomu ya kumsajili mwajiriwa mezani, tayari ameijaza, imebaki nafasi moja tu aliyoniachia mimi kama mwajiri, nayo ni tarehe ya kuanza kazi.

Ndugu zangu, pale niliandika tarehe 1 Julai 2009. Niliogopa faini ya miaka ya nyuma, nikaona nimempa alichotaka, na ya kale tuyaache yalivyo. Dada aliisoma ile tarehe, akasema, sawa bosi. Hakuwahi kuniita bosi kabla ya siku ile, nami mjinga nikafurahi.

Ilipofika tarehe 14 Mei 2018 alitimiza miaka sitini, akaenda kwenye mfuko kudai pensheni, akaambiwa anatakiwa awe amechangia miaka kumi na mitano, na yeye ana miaka minane na miezi kumi, hivyo hastahili pensheni ya kila mwezi wala bima ya matibabu ya wastaafu. Hakumwambia mtu. Aliendelea kuja mezani kila asubuhi, hata Februari ya mwaka uliofuata madaktari walipogundua kwamba figo zake zinashindwa kazi na kwamba atahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ile barua ya kukataliwa niliiona kwa bahati tu, ndani ya droo, chini ya kopo la vifungo, nikitafuta uzi. Niliisoma yote nimesimama palepale.

Nilimwendea mhasibu kumuuliza nifanyeje, akaniambia, mzee, wewe unataka kujipeleka mwenyewe? Nikamwambia ndiyo, nataka kujipeleka. Mke wangu alinifulia shati, na Jumatatu ya tarehe 8 Aprili 2019 nilisimama kwenye dirisha la waajiri pale ofisi ya mfuko wa pensheni nikasema kwamba tarehe niliyoandika miaka kumi iliyopita ni ya uongo, na kwamba mfanyakazi huyu nimekuwa naye tangu mwaka themanini na sita. Afisa aliyenipokea, mama mmoja mwenye miwani, alidhani nimechanganyikiwa, akasema watu huja pale kupunguza miaka, hawaji kuongeza, akataka ushahidi. Ushahidi nilikuwa nao nje ndani ya gari, madaftari thelathini na matatu ya kupokelea nguo, kila siku ya kazi ina sahihi ya dada, isipokuwa zile wiki za uzazi na zile siku tisa, na tuliyabeba kwenye vikapu vya dobi mimi na dereva tukayapanga sakafuni, na foleni yote nyuma yetu ikasimama kuangalia.

Ilichukua miezi mitano, nilipigwa faini, sikatai, nikapangiwa kulipa michango ya nyuma kwa awamu, nikauza gari la kusambazia nguo, na kwa miaka mitatu mashuka ya wateja yalikwenda kwa mkokoteni, kama mnavyokumbuka mlivyotucheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Lakini dobi haikufungwa, na kufungwa huko ndiko nilikokuwa nimekuogopa maisha yangu yote. Tarehe 20 Septemba 2019 barua ya kumkubalia pensheni ilifika, nikampelekea dada hospitalini, akaisoma, akaomba miwani, akaisoma tena, akauliza makato yamehesabiwa na nani, nikasema na wao, akasema wamepatia. Halafu akalia, na mimi nikalia, na muuguzi akatuuliza kama tumefiwa, tukamwambia hapana, tumestaafu.

Alistaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2019, na kutoka hapo bima ile ilimsafisha damu kwa miaka mitano na miezi mitano bila mwanawe kuuza kitu wala shemeji kukopa, akaiona harusi ya binti yake, akamfundisha karani mpya kazi akiwa ameketi kwenye kiti cha mteja, akimkosoa kila dakika. Wiki mbili zilizopita alipata homa ya mapafu, akalazwa, na Jumapili ya tarehe 2 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mumewe, alifariki akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Nina majonzi makubwa, lakini nasema wazi mbele yenu kwamba nina nafuu pia, kwa kuwa aliondoka akiwa amelipwa haki yake na mimi nikiwa nimesema ukweli angali anasikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, waliomwita mama na kumvumilia alipowauliza risiti ya kila sindano. Tunawashukuru majirani mliopika na mlioleta viti, na wateja mliotusubiri wiki hii bila nguo zenu. Tunawashukuru wafanyakazi wa dobi, hasa yule mlinzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni mzee mstaafu mwenye pensheni yake, aliyefika jana kwa miguu akasema anakuja kulinda msiba huu bila malipo, nikamwambia hapana, utalipwa.

Na mwisho namshukuru binti mmoja wa ofisi ya mfuko, ambaye jina lake sikuuliza. Juzi Jumanne nilikwenda kutoa taarifa ya kifo ili shemeji aanze kupata sehemu yake, akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu, na ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema ni dada yangu, nikasema, mimi ni mwajiri wake. Akaandika, akainuka kutoka kwenye kiti chake, akanipa mkono kupitia dirishani, akasema, pole sana mzee kwa kufiwa na mfanyakazi wako. Sikumsahihisha, nilipokea pole ile, kwa sababu kuitwa mfanyakazi ndiko alikonidai dada miaka yote, na ilikuwa haki yake.

Pumzika sasa, dada, kwa amani uliyoitolea jasho.