Pazia la Kuchagulia Simu

Assalaam aleikum wote. Na nyinyi wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe, maana kikundi chetu ni kimoja na viti tunavyokalia ni hivi hivi. Mwenyekiti kaniambia niongee kifupi. Kaniambia hivyo akijua kabisa mdomo wangu ulivyo, kwa hiyo nikizidisha, lawama ni zake.

Wageni wetu wa Ruangwa, karibuni Nachingwea. Mimi ni wa kwenu. Nimezaliwa Nanganga, hapa nimeletwa na ndoa. Majina ya watu sitayataja. Atakayejitambua acheke kimyakimya.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi simu. Kile kibanda karibu na soko, chenye mlango wa bluu, ndicho chetu. Nilikaa naye pale miaka, nikishika tochi huku yeye akifungua simu, mpaka nikawa nafungua mwenyewe. Alipofariki nikakaa eda, na nyinyi mlikuja kukaa na mimi mkekani. Sijasahau.

Eda ilipokwisha, kaka yangu akaja kutoka Nanganga. Kaka yangu si mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikunywa maji, akakohoa, akasema, "Mdogo wangu, chumba chako kipo. Utarudi lini nyumbani?"

Nikamwambia, "Kaka, niache msimu mmoja wa korosho. Nikishindwa na kibanda, nakuja mwenyewe na godoro kichwani."

Akakubali, shingo upande. Ndugu zangu, nawaambia, kurudi kwa kaka si aibu. Lakini wewe umezoea kufunga mlango wako na kufungua mlango wako, leo ukaishi kwa wifi, hata chumvi uombe! Mimi nilikitaka kibanda changu. Nilikitaka kuliko chakula.

Basi nikaagiza simu Dar, zile za kupangusa, aina moja. Korosho zilipouzwa watu wakaja, wamechoka na vitochi, vile visimu vya kubonyeza, kila mmoja anataka simu janja. Nikauza. Nikajiona mjanja! Nikampigia kaka nikamwambia hicho chumba afugie kuku.

Loo, nilichonga mdomo mapema.

Haikupita muda simu zikaanza kurudi. Huyu anasema bando linaisha kabla jua halijapanda. Yule anasema simu imejaa, na yeye hajaweka kitu. Mwingine anasema inapigwa, anapangusa, anapangusa, haipokei. Vitazameni vidole vyetu jamani! Vidole vya jembe, vidole vya kubangua korosho, mafuta ya maganda yamevichoma vimekuwa vigumu. Unapangusa kioo, kioo hakijui kama umekigusa. Sokoni wakaanza kuziita "simu za mjane". Mtu akiiona simu inaganda anasema, hiyo si ya mjane? Nilikuwa nikilisikia hilo jina naingia ndani kibandani najifanya natafuta chaja. Nililia, sitawaficha.

Na kaka akapiga. "Utarudi lini?"

Nikamweleza shida yangu yule mtu anayeniuzia simu Dar. Akaniambia kitu ambacho marehemu alikuwa akikisema nami sikukitilia maanani. Akasema, mama, simu haina kosa. Kilichokuzidi ni mfumo uliomo ndani, ule unaoiendesha. Aina hiyo ya simu waliitengeneza iweze kukaa na mifumo miwili, na wenyewe wameruhusu. Kuna ule mkubwa uliokuja nao, una kila kitu. Na kuna mwepesi: maandishi makubwa, redio, picha za watu wako, kupokea ni kubonyeza kitufe kikubwa basi, na hauli bando kwa siri.

Wamama mnaonitolea macho, ngoja niwape mfano wa jikoni. Mashine ya kusaga ni moja. Wewe unataka sembe, mwenzio anataka dona, mahindi yenu yametoka shamba moja. Mwenye mashine hawezi kuulazimisha mji mzima kula sembe. Sasa mimi nilikuwa nimewalisha watu wote sembe, mpaka wasioitaka.

Nikajifunza kuupakia huo mfumo mwepesi kwa kompyuta ya marehemu. Picha na namba za mtu naziweka pembeni kwanza, nabadilisha, narudisha. Nilipoweza, nikabeba meza ya kuazima mpaka kwenye gulio la Lionja. Simu mbili mezani, mwili ule ule, rangi ile ile, moja ina mfumo mkubwa, nyingine mwepesi. Nikapaza sauti: simu ni ile ile, wewe chagua mfumo wako! Na waliokwisha nunua waje, nawabadilishia.

Watu wakaja wengi. Nikawauliza mmoja mmoja pale pale mezani, wewe unataka upi? Mkubwa. Na wewe? Mkubwa. Mama? Mkubwa, mwanangu. Kulikuwa na mzee mmoja amevaa kofia nyeupe, nyuma yake amesimama mkwe wake aliyemuoa binti yake. Nikamwambia, "Baba, hii nyepesi ina kitufe kikubwa, ukipigiwa unabonyeza tu." Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi? Nipe mkubwa."

Hakuna hata mmoja aliyetaka mwepesi. Nikarudi na meza nimenywea. Nikasema basi, watu hawataki kuchagua, Mungu hajapenda. Nikampigia kaka mwenyewe, nikamwambia atafute gari aje kubeba vitu vyangu.

Sasa sikilizeni.

Siku moja nikiwa nafunga vitu kwenye maboksi, yule mzee wa kofia akaja. Peke yake. Simu kaifunga kwenye leso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hii simu nzuri sana. Inalia vizuri." Akaifungua leso. "Uniuzie kwa mtu mwingine."

"Kwa nini uuze, na ni nzuri?"

Akakaa kwenye benchi. Kidogo kidogo ikamtoka. Binti yake alikwenda Mtwara na mumewe kujifungua, akawa anapiga kumwambia baba yake amepata mjukuu. Simu inalia, mzee anapangusa, inakata. Inalia tena, inakata tena. Habari ya mjukuu wake mwenyewe akaja kuambiwa na jirani pale msikitini. Na binti huko anadhani baba kamkasirikia, hataki kupokea. Mzee akasema, "Anadhani nimemkasirikia," akageukia ukutani.

Ukimpa pole mzee kama yule, umemwongezea aibu.

Lakini pembeni ya kibanda changu anakaa mtani wangu, anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Kabila lake silitaji, mnalijua, ni wale ambao hata msibani wanakuja kutuchekea maiti. Yupo hapa leo, kavaa kitenge kipya, mwangalieni anavyojibaraguza! Na mzee naye ni mtani wake vilevile. Alikuwa amesikia kila kitu. Akaingia na sinia lake.

"Ala! Kumbe ni huyu? Simu inalia ndani ya nyumba kama mtoto wa kambo, hakuna wa kuinyanyua! Babu, umebeba mzigo wa vijana kwa ajili ya sifa, sasa kiuno kimekatika. Ulivyoulizwa pale Lionja ulijibu nini? 'Nipe mkubwa!' Mkubwa wa nini, na wewe hata kusoma saa unauliza jua?"

Jamani, angesema hayo mtu mwingine, pangewaka moto. Lakini mtani! Mzee alicheka. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akajifuta macho akasema, "Mtani, wewe ungefanyaje? Mkwe wangu amesimama nyuma yangu. Nichague simu ya kizee mbele ya mkwe, akasimulie kwao kwamba baba mkwe kaisha? Bora isilie!"

Nikakaa chini kwenye boksi. Kumbe! Hawakukataa mwepesi. Mimi ndiye niliyewauliza mbele za watu. Nimemuuliza mzee mbele ya mkwe wake, mke mbele ya mumewe, mwalimu mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Nani atasema mbele ya watu hao kwamba mfumo mkubwa umemshinda? Mtu aliyelelewa kwetu huku anajua hilo tangu utotoni, na mimi nimelelewa huku huku.

Nikamwambia, "Baba, nipe hiyo simu." Mtani akampa ming'oko, wakaendelea kutukanana vizuri, mimi nikabadilisha. Nilipomrudishia aliigeuza huku na huku. "Mbona ni ile ile?"

"Ni ile ile, baba. Mkweo hawezi kujua."

Nikamwekea picha ya binti yake kwenye kioo, kubwa kama kiganja. Akaibonyeza. Ikaita. Tukasikia sauti ya binti, "Baba? Baba ni wewe?" Mzee akasema, "Ni mimi. Simu ilikuwa inaumwa. Huyo mtoto analia kwa nguvu?" Mtani wangu, mwenye mdomo wote ule, alitoka nje na sinia lake kwenda kulia.

Nikafungua maboksi. Nilichukua kanga zangu mbili nikashona pazia, nikaligawa kibanda. Mteja anaingia nyuma ya pazia peke yake, anakuta simu mbili, anajaribu kupiga, anajaribu kupokea, anachagua, ananinong'oneza. Akitoka nje ana simu kama ya kila mtu. Mlangoni kakaa mtani, anawatania wanaosubiri mpaka aibu inawaishia wenyewe. Na msidhani wazee wote walichukua mwepesi! Bibi mmoja wa Ruponda alishika mkubwa akakataa kuuachia, anataka kutazama kaswida na harusi za watu wa mbali. Na kuna msomi mmoja, ofisi yake siitaji, alitoka na mwepesi akitembea kama aliyeshushiwa gunia. Wengi waliokuwa na "simu za mjane" wakazirudisha kubadilishiwa, na jina hilo likafa lenyewe.

Kaka alifika na gari nililomwagiza mwenyewe. Kwa furaha nilikuwa nimesahau kumwambia asije, astaghfirullah. Akakuta foleni. Akasimama na kamba za kufungia mizigo mkononi, ananitazama. Mtani akamwambia, "Shemeji, umekuja kuhamisha soko au dada yako? Weka kamba chini, panga foleni." Na akapanga! Zamu yake ilipofika akaingia nyuma ya pazia, akakaa humo muda mrefu, akatoka na simu yake. Alichagua upi? Sisemi, hata mkinipa kiti cha mwenyekiti. Pazia ni pazia.

Sasa nashukuru. Nawashukuru nyinyi mliokaa na mimi mkekani, mkaniazima na ile meza niliyobebea aibu yangu mpaka Lionja. Namshukuru mzee wa kofia, Mungu amkuzie mjukuu. Mtani wangu, wewe sikushukuru, utavimba kichwa.

Na nililojifunza ni hili: ukitaka mtu achague, usimsimamie kwenye macho ya watu. Mpe vyote viwili mkononi, umwachie nafasi ajijue mwenyewe. Sisi hapa kikundini pia, tunapomuuliza mwenzetu shida yake, tusimuulize hadharani halafu tukadhani jibu lake ni la kweli.

Jana kaka alinipigia. Nikaona jina lake, moyo ukashtuka kwa mazoea, nikajua swali ni lile lile. Akanisalimia, akaniuliza biashara. Halafu akasema, "Mdogo wangu, wifi yako anakukumbuka. Utakuja lini kututembelea?"

Nikamwambia, "Nikipata nafasi, kaka. Nitafunga mlango wangu, nitakuja."