Mwalimu Ngoja Kwanza na Barua ya Chama

Ndugu, jamaa na marafiki, tangu Jumamosi kuna gazeti linapita mkono kwa mkono likidai kwamba marehemu, siku kumi na sita kabla ya kifo chake, alitia saini barua ya kuunga mkono kuondolewa kwa ukomo wa urais. Wengine mmekuja nalo hata hapa makaburini. Familia inaomba mlikunje kwanza na msikilize wasifu huu hadi mwisho, kwa kuwa mwenyewe hana tena mdomo wa kukanusha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa karani wa mahakama na mkunga. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani na nakala za hukumu zilizoharibika, na mtoto akajifunzia kusoma humo humo. Akiwa na miaka sita alimwuliza mama yake maana ya rufaa. Mama akamjibu, "Ni pale baba yako anaposema hapana, halafu wewe unakuja kwangu." Jibu hilo lilimchekesha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1972 akaingia chuo kikuu kusomea siasa. Wakati huo kila kijana mwenye akili alikuwa mwanamapinduzi. Yeye peke yake bwenini aliuliza nani atafagia baada ya mapinduzi. Wenzake wakambandika jina la Ngoja Kwanza kwa kumkejeli, naye akalipokea kama cheo. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1981.

Alifundisha nadharia za siasa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1981 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Somo lake lilikuwa uhafidhina, na kila mwaka alianza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba huo si umoja wa wazee wanaochukia muziki, bali ni nyumba yenye wapangaji wanne. Wa kwanza analinda desturi na taasisi. Hakatai mabadiliko, ila anataka yaje kwa kupimwa, kwa sababu hamwamini mtu yeyote, hata awe na akili kiasi gani, anayedai ataipanga jamii nzima upya akiwa mezani kwake. Wa pili analinda soko huru na mali ya mtu binafsi. Wa tatu analinda dini, ndoa na malezi. Wa nne analinda taifa na mipaka yake. "Wanachangia paa," alikuwa akisema, "lakini wakikutana uani hawasalimiani. Wa soko anataka duka lifunguliwe siku ya ibada, wa dini anataka lifungwe. Wa taifa anataka serikali yenye misuli, wa soko akiiona anakimbilia chumbani."

Yeye alikuwa mpangaji wa kwanza, na hakuficha. Siku moja mwanafunzi alimrushia swali kutoka nyuma: "Mwalimu, si useme tu kwamba unawalinda wakubwa?"

"Desturi inayomlinda mkubwa peke yake ilete, tuizike wote," alijibu. "Lakini mtawala kuondoka muda wake ukiisha nako ni desturi. Hiyo inamlinda nani?"

Alijiunga na chama, hiki hiki ambacho leo kinataka ukomo huo uondolewe, mwaka 1992, na mwaka 1995 ndiye aliyeandika ilani yake. Ibara ya vipindi viwili vya urais ilitoka mkononi mwake.

Mkewe alikuwa mkutubi mkuu wa chuo. Walikutana pale marehemu alipofika kaunta akilalamika kwamba rafu zimehamishwa.

"Nani aliamua?"

"Mimi."

"Uliwauliza wasomaji?"

"Wewe ndiye wa kwanza kununa."

"Basi niwe wa kwanza kunyweshwa chai."

Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na kujaliwa binti na mwana. Nyumbani kulikuwa na mlango wa jikoni uliokuwa ukigonga jiko kila ulipofunguliwa. Ulijadiliwa miaka kumi na mmoja. Hatimaye aliung'oa, akauegemeza ukutani wiki mbili, ili familia ione kwanza maisha bila mlango yakoje. Mkewe akamwambia, "Baba, huu ni mlango, si katiba." Akajibu, "Ndiyo maana nimefanya haraka."

Tarehe 14 Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumanne tarehe 21 Mei 2024, mdogo wake, ambaye ni katibu mwenezi wa chama, aliingia wodini na barua iliyochapwa tayari.

"Kaka, mistari minane tu. Weka jina lako hapo, nchi itulie."

"Nipe miwani."

"Kaka, ya nini kujichosha? Nimeiandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nataka miwani."

Kisha akaomba kalamu. Mdogo wake akatabasamu, akamnyooshea ya bluu. Marehemu akaikataa, akamwomba mkewe ile nyekundu iliyokuwa mkobani. Kwenye mstari wa pili akaandika, "Nani amesema?" Kwenye wa tano, "Ushahidi?" Chini kabisa, "Hoja haijasimama. Rudia." Halafu, kwa mkono uliosahihisha insha miaka thelathini na mitano, akaweka herufi mbili za mwanzo za majina yake na tarehe, kama alivyofanya chini ya kila kazi ya mwanafunzi.

Hapo ndipo alipokosea. Mkewe aliona, akasema, "Umewawekea saini."

"Nimesahihisha."

"Hawa watajali?"

"Mdogo wangu anajua."

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa kando yake. Jumamosi gazeti likatoa picha isiyo na rangi ya zile herufi mbili, nyeusi kama wino mwingine wowote, na masahihisho yaliyo juu yake yamekatwa.

Jumatatu asubuhi mdogo wake alifika nyumbani na bahasha. Hakuketi.

"Shemeji, wakubwa wa chama walisema wanataka kuiona tu."

"Wakaikata."

"Wakaikata."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikiitoa hii, kazi sina."

"Usipoitoa, kaka huna."

Aliiweka mezani mwenyewe, bila kunyang'anywa. Familia inataka hilo lijulikane, na haitavumilia atukanwe na mtu yeyote, ndani ya chama au nje yake. Barua nzima, pamoja na wino wake mwekundu, imechapwa kwa rangi kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki cha mazishi. Chama kiliomba bendera yake ifunike jeneza. Familia imeshukuru na kukataa.

Marehemu ameacha mke, binti ambaye ni daktari wa macho, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye leo hana ofisi na amelibeba jeneza upande wa mbele.

Alale kwa amani. Hakusaini.