Nyota Aliyoionyesha Ticha

Jioni hiyo benchi la kwenye kona lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa. Cheche, fundi wa kuchomelea, miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Gunia, muuza mkaa, kakaa pembeni asiwachafue wenzake. Katikati yao Ticha, mwalimu wa chekechea, kitabu mapajani, uso umemshuka. Maskini ya Mungu, kesho somo ni nyota: zinavyozaliwa, zinavyoishi, zinavyokufa. Na mwezi uliopita, msibani kwa fundi viatu aliyefiwa na mkewe, Ticha huyuhuyu alimbembeleza binti wa marehemu kwa kumwambia mama yake kawa nyota.

— Sasa nikisema nyota zinakufa, Ticha alilalama, si nitakuwa nimemuua mama wa watu mara ya pili?

— Acha presha, alisema Gunia. Nyota ni jiko. Jiko kubwa linakaa sana, maana limeshiba mkaa. Mpe mama yake nyota kubwa, yaishe.

Ticha alifunua kitabu.

— Hapa wanasema kubwa ndiyo inayowahi kufa.

— Thubutu! Huyo aliyeandika kashawahi kuuza mkaa?

— Moto niulizeni mimi, alidakia Cheche. Ya bluu inawaka kwa pupa. Mpe nyekundu, ya taratibu.

— Wanasema nyekundu nyingine ni zee, limevimba, liko mbioni kufa.

— Limevimba? Gunia aliruka. Basi limekula mkaa wa jirani!

— Hata jua siku moja litavimba, Ticha alisema kwa unyonge.

— Jua letu hili?

Cheche alishusha miwani, akalitazama likizama nyuma ya maduka.

— Mbona mimi naliona zima.

— Halafu nyota ikifa, Ticha aliendelea, vumbi lake linazaa nyingine.

— Ehee! alisema Cheche. Kwa hiyo mama anakuwa mtoto?

— Mtoto wa nani?

— Wa yule jirani aliyeliwa mkaa! alidakia Gunia.

Ticha alijishika kichwa. Alikuja na swali moja, sasa anayo saba, na kesho asubuhi yule binti atakaa mkeka wa mbele darasani kama kawaida yake, anamkodolea macho.

Mara akatokea fundi viatu mwenyewe, aproni bado kiunoni.

— Habari za hapa, jamani. Ticha, afadhali nimekukuta. Mwanangu kila giza likiingia ananitoa nje tukamsalimie mama yake. Tunatafuta, hatumpati. Leo nimemwahidi nitakuuliza. Ulimwonyesha ipi?

Gunia alianza kujikung'uta suruali. Cheche hakupandisha miwani.

Ticha aliikumbuka siku ile vizuri. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Alimbeba mtoto, akanyoosha kidole juu, kwenye turubai la msiba.

— Ticha?

— Kaa kwanza, kaka. Gunia, mmiminie kahawa.

Gunia aliliinamisha birika mpaka mwisho. Halikutoa hata tone.